Ukitaka dachshund, anza na mgongo: aina zake kwa mpangilio wangu

Jumapili moja jioni Kito, mbwa wangu wa aina ya dachshund, aliruka kutoka kwenye kochi kama alivyozoea kwa miaka mitano. Akatua, akatoa mlio mmoja mfupi, akasimama palepale kichwa kimeinama. Nilidhani amekanyaga kitu. Kulipopambazuka alikuwa anaburuta miguu ya nyuma. Diski ya uti wa mgongo ilikuwa imepasuka na kubana neva.

Wiki sita alilala ndani ya kizimba kando ya meza yangu ya kazi, nami nikimbeba nje kukojoa, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio. Alipona, ila mpaka leo akigeuka ghafla huyumba nyuma. Ndiyo maana jirani akiniuliza anunue dachshund wa aina gani, jibu langu halianzi na rangi.

Na siku hizi naulizwa sana. Mtaa wetu hapa Nairobi ulikuwa wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji wa kulinda geti. Sasa nikimtembeza Kito tunakutana na wenzake watatu. Huko Marekani, orodha ya mwaka 2023 ya AKC, chama cha kusajili mbwa wa asili, ilimweka dachshund nafasi ya 6 kwa kupendwa. Sababu inaeleweka: anatosha kwenye fleti, halishwi gunia la chakula, na humpenda mwenyewe kwa wivu.

Ila umjue unayemleta. Jina lake ni la Kijerumani: Dachs ni mnyama wa mashimoni huko Ulaya, wa ukoo mmoja na nyegere wetu, na Hund ni mbwa. Wawindaji walimzalisha awe mrefu wa kiwiliwili na mfupi wa miguu ili aingie shimoni na kumkabili mnyama huyo gizani, bila bwana wake kumwelekeza. Kifua kipana, sauti nzito kuliko mwili, ukaidi: vyote vilikuwa vya kazi hiyo. Siku moja Kito alimfuata fuko kwenye shamba la mama yangu kule Kiambu, akachimba mpaka ukabaki mkia tu nje, viazi vimetapakaa kila upande. Mama alikasirika kweli. Mimi niliona mbwa aliyekuwa kazini.

Miguu hiyo mifupi na diski dhaifu vimefungamana katika jeni zake. Kati ya dachshund wanne, takriban mmoja hupata tatizo la diski maishani. Kwa hiyo mpangilio wangu unafuata mgongo kwanza, kisha nyumba yako, kisha manyoya. Wa ukubwa wa kawaida huwa na kilo 7 hadi 14 hivi, mdogo hazidi 5.

Namba moja: mwenye manyoya magumu, wa ukubwa wa kawaida. Ana ndevu na nyusi za mzee. Katika uchunguzi uliofanyiwa wamiliki wa dachshund nchini Uingereza mwaka 2015, hawa ndio walioonekana kuwa na matatizo machache zaidi ya diski. Manyoya yao hunyonyolewa kwa vidole mara chache kwa mwaka, kazi ambayo mtu anaweza kujifunza. Kumpata kwetu si rahisi, utasubiri, na kusubiri kuna maana yake. Ukipata mdogo wa manyoya haya, uliza kama wazazi walipimwa ugonjwa wa Lafora, aina ya kifafa cha kurithi. Kipimo chake cha jeni kipo.

Namba mbili: dachshund aliyekwisha kukomaa, anayetafuta nyumba mpya. Watu huhama, au hugundua kwamba mbwa huyu hubweka. Pita KSPCA, shirika la kutunza wanyama, pale Karen uulize. Tabia yake unaiona siku hiyohiyo, na historia ya mgongo mara nyingi inajulikana.

Namba tatu: mdogo mwenye manyoya mafupi laini. Huyu ndiye wengi wenu mtakayeuziwa, na ndiye Kito. Kwa nchi yetu ana faida kubwa moja: kupe wanaonekana. Homa ya kupe huua mbwa hapa, na kwenye manyoya mafupi nampitisha vidole kila jioni ndani ya masikio, kwapani, na katikati ya vidole vya miguu. Dakika tatu zinatosha. Kuoga, beseni moja. Baridi ya Julai humsumbua, mtafutie sweta. Mgongo ndio wasiwasi, na hapo lazima umchunguze muuzaji bila aibu.

Namba nne: mwenye manyoya marefu. Ndiye mzuri kuliko wote, nakubali. Lakini kupe hujificha, kuchana ni mara kadhaa kwa wiki, na joto la Mombasa litamchosha. Wadogo wa aina hii wana ugonjwa wa kurithi wa macho unaopimika pia.

Usinunue kabisa: mtoto aliyezaliwa na wazazi wawili wenye rangi ya mabaka, ile inayoitwa dapple. Akirithi jeni hiyo pande zote mbili anaweza kuwa kiziwi, kipofu, au akazaliwa bila macho kabisa. Anayewapandisha hao wawili kwa makusudi anauza mateso. Mwepuke pia anayekutangazia mbwa “wa kikombe”, yaani mdogo kupita kiasi.

Sasa muuzaji. Mimi nilimnunua Kito kwenye maegesho ya magari, mama yake sikumwona, na simu ya muuzaji haikupatikana tena baada ya wiki mbili. Usirudie kosa langu. Nenda anakofugwa, umwone mama akiwa na watoto, wawe wametimiza wiki nane au zaidi, na kadi ya chanjo iwe na muhuri wa daktari. Kisha uliza moja kwa moja: mama, baba, bibi na babu, kuna aliyewahi kupooza? Uingereza wazazi hupigwa eksirei ya mgongo kati ya miezi 24 na 48 kuhesabu diski zilizokauka na kuwa ngumu. Mfugaji wa hapa aliyefanya hivyo, mshike. Cheti cha East Africa Kennel Club kinakuonyesha ukoo, hakikuhakikishii mgongo. Ukiwa na mpango wa kumhasi, zungumza na daktari kuhusu kusubiri apite mwaka mmoja, kwa sababu wanaohasiwa mapema wameonekana kupata shida ya diski zaidi.

Kabla hajafika, nunua mkanda wa kifua badala ya ule wa shingo, na umpimie chakula: mbavu zake uzisikie kwa vidole. Kisha mtengenezee njia ya kushukia kochi. Ya Kito ni ubao uliofunikwa zulia kuukuu, fundi wa mtaani aliumaliza mchana mmoja. Siku tatu za kwanza aliukwepa, nikawa naupangia vipande vya maini ya kuchemsha. Sasa huuteremka taratibu, tumbo likikaribia kuugusa, kisha hujiendea zake kuota jua mlangoni.