Tahadhari: muuzaji wa bunduki za easofti anayewalenga wanaoanza

Ndugu zangu mnaojiandaa kununua bunduki ya kwanza ya easofti, yaani mchezo wa kulengana kwa bunduki za mfano zinazorusha goroli ndogo za plastiki, naomba mnisome kabla ya kutuma fedha zenu. Yupo muuzaji mtandaoni anayewawinda wanaoanza, na nina hakika anafanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu kila neno la tangazo lake humdanganya yule tu asiyejua bunduki hizi zinavyofanya kazi. Mchezaji mzoefu hanaswi naye, lakini mimi alininasa.

Tangazo lilieleza kwamba ni bunduki ya umeme, chuma tupu, yenye kurusha goroli kwa mwendo wa futi 400 kwa sekunde, na kwamba betri na chaja hutolewa bure. Nilipouliza kama kweli ni chuma, alinitumia video ya sumaku iliyonasa ubavuni mwa bunduki, nami nikaridhika. Laiti ningejua kwamba bunduki nzuri za aina hii zenye mwili wa madini huwa kwa kawaida ni za alumini au aloi ya zinki, ambazo hazivutwi na sumaku, na kwamba nyingine zinazomfaa sana anayeanza zina mwili wa nailoni ngumu! Sumaku ile ilikuwa imenasa kwenye kipande cha bati kilichogandishwa ndani ya ganda la plastiki. Chuma cha kuulizia kiko mahali ambapo jicho halifiki, yaani ndani ya giaboksi, kile kisanduku cha gia na pistoni inayosukuma hewa ya kurushia goroli: kwenye gia, kwenye bushi au beringi zinazozishikilia, na kwenye meno ya pistoni. Niliyouziwa mimi ilikuwa na gia za plastiki. Siku ya pili ya kuitumia, mota ilianza kulia na kuzunguka bila goroli hata moja kutoka mtutuni, na nilipoifungua nilikuta gia ya katikati imenyolewa meno upande mmoja, unga mweupe wa plastiki umechanganyika na grisi.

Kuhusu mwendo, hila yake iko kwenye hesabu. Mwendo uliotajwa bila uzito wa goroli hauna maana yoyote, na desturi ya wachezaji ni kupima kwa goroli ya gramu 0.20. Yeye alifungasha mfuko wa goroli za gramu 0.12, ambazo huruka kwa kasi zaidi kwa sababu ya wepesi wake lakini hupeperushwa na upepo mdogo tu. Rafiki yangu mwenye kipima mwendo alinisaidia: kwa goroli hizo nyepesi tulipata mita 93 kwa sekunde, na kwa zile za gramu 0.20 tukapata mita 71, ilhali futi 400 ni karibu mita 122. Kwa lugha ya nishati, nilipewa nusu jouli mahali pa jouli moja na nusu. Tena hata angekuwa amesema kweli, ahadi hiyo ingepaswa kunishtua, kwa kuwa Uingereza huweka kikomo cha jouli 1.3 kwa bunduki ya easofti inayofyatua mfululizo, na Japani kikomo chake ni takriban jouli 0.98. Anayemvutia mwanafunzi wa mchezo huu kwa kasi kubwa hamtakii mema.

Kinachonifanya niandike kwa uchungu zaidi, hata hivyo, ni betri. Alinitumia betri ya lipo (lithiamu polima) ya volti 7.4 pamoja na chaja ya betri za nikeli iliyoandikwa volti 8.4. Betri ya namna hiyo ina seli mbili, na kila seli haipaswi kuzidi volti 4.2, kwa hiyo ikijaa hufika volti 8.4, mtu asiyejua huona namba hizo zimelingana na kudhani kwamba vifaa vimepatana. Lakini 8.4 ya kwenye chaja ni jina tu la betri ya nikeli yenye seli saba, ambayo ikichajiwa huvuka volti hizo kwa mbali. Betri yangu ilivimba mpaka kifuniko cha kitako kikagoma kufunga. Niliichomoa ikiwa ya moto mkononi. Lipo iliyojazwa kupita kiasi inaweza kuwaka, na yangu ilikuwa ikichajiwa chumbani tunamolala. Mwenye vifaa hivyo viwili asivitumie pamoja hata kwa dakika moja.

Nilipolalamika, alijibu kwamba gia zimevunjika kwa sababu nilitumia goroli nzito za gramu 0.20. Huo ni uongo mtupu, maana uzito huo ndio wa kawaida kabisa. Siku iliyofuata alinifungia mawasiliano, na baada ya wiki moja nikamwona amerudi kwa jina jingine.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mtu yeyote mwombeni jina kamili la modeli na aina ya giaboksi, kisha video moja isiyokatwa inayoonyesha mfuko wa goroli za gramu 0.20, goroli zikipakiwa kwenye magazini, na kipima mwendo kikisoma. Mwambieni pia aweke kando ya bunduki karatasi yenye jina lenu na tarehe. Lipeni kwa njia inayoshikilia fedha hadi mzigo ukaguliwe. Mimi nilikubali kutuma moja kwa moja kwa sababu aliniahidi punguzo, na sikurudishiwa chochote.

Jina amebadilisha, lakini picha ni zilezile. Bunduki imelazwa juu ya shuka la mistari myekundu, na kwenye kitako, karibu na pete ya mkanda, kuna mchubuko mrefu uliopinda mwishoni. Ile iliyonifikia haikuwa na mchubuko huo. Ukiiona picha hiyo katika tangazo lolote, usitume fedha, na kama umeshatuma, usithibitishe kupokea mzigo kabla hujaifungua giaboksi na kuziona gia kwa macho yako.