Golden Heavy Body: rangi inayobaki pale kisu kilipoiacha

Minya Golden Heavy Body, rangi nene ya akriliki ya wachoraji, kutoka kwenye tyubu, inasimama. Ichote kwa ncha ya kisu cha kuchorea, ivute juu kidogo, uachie: panabaki kilele, na kesho yake bado kipo, kimenywea lakini hakijalala. Sifa hiyo ndiyo inayolipiwa. Anayepaka rangi nyembamba, tambarare, yenye kingo safi hana haja nayo. Akriliki ya bei ya chini itamtosha na hatapungukiwa kitu. Lakini anayetaka umbile lijengwe kwa rangi yenyewe, lishikike kwa kidole na litoe kivuli chake, hapa kuna utamu ambao ni vigumu kuupata kwenye rangi laini.

Utamu huo unaeleweka haraka ukiulinganisha na rangi isiyokuwa nao. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia enameli, ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Enameli imetengenezwa ijisawazishe: michirizi ya brashi inajifuta kabla haijakauka, uso unabaki laini unang'aa. Kwa chui na ndege wenye mistari safi ni sifa kubwa. Kwa kazi ya kisu ni balaa, maana kila mgongo utakaoujenga utashuka taratibu mbele ya macho yako. Heavy Body imeundwa kinyume chake. Ni rangi ya maji, ina chembe za akriliki na pigmenti (unga unaoipa rangi yake), na imepewa uzito wa siagi iliyokaa nje ya friji. Inasogea kisu kinapoisukuma. Nguvu ikiondoka, inatulia papo hapo.

Watengenezaji wako New Berlin, jimbo la New York. Kampuni ilianzishwa 1980 na Sam Golden, ambaye alikuwa ameshashughulika na akriliki za wachoraji tangu miaka ya 1940 pamoja na Leonard Bocour. Ndani ya rangi hii hawaongezi vijazio (unga wa kuongeza wingi tu) wala kitu cha kufubaza mng'ao, na jambo hilo lina faida na kero. Faida ni nguvu ya rangi. Kero ni kwamba kila pigmenti inakauka na mng'ao wake: moja inakuwa fifi, jirani yake inawaka kama imepakwa vanishi. Kwenye picha ya rangi nene kero hiyo inaonekana zaidi, kwa sababu kila mgongo unanasa taa. Dawa ni kuchanganya jeli, yaani akriliki nzito isiyo na pigmenti, ya aina ya Matte (isiyong'aa) tangu mwanzo, au kumalizia na vanishi fifi.

Itazame lebo kabla ya kulipa. Juu yake kuna rangi halisi iliyopakwa kwa mkono, imepita juu ya mistari myeusi. Mistari ikionekana, rangi inapitisha mwanga. Ikizibwa, rangi ni ya kufunika. Kwa mchoraji wa rangi nene hii si habari ya pembeni. Rangi inayopitisha mwanga, kama buluu ya ultramarini (PB29, ndiyo namba ya pigmenti) au buluu ya phthalo (PB15), ikiwekwa nene inaelekea weusi, na weusi unameza vivuli vidogo vinavyotoka kwenye migongo. Utakuwa umejenga mlima usioonekana. Ongeza nyeupe ya titani (PW6) kiasi cha ncha ya kisu tu, na umbile linarudi. Rangi za udongo, kama oksidi nyekundu (PR101), hazihitaji msaada huo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo fedha inapopotea. Tyubu ndogo ina mililita 59, kubwa 148; makopo yapo ya 118, 237, 473 na kuendelea. Ubao wa sentimita 30 kwa 40 una sentimita za mraba 1,200. Ukiupaka unene wa wastani wa milimita 3 umekula mililita 360, yaani tyubu ndogo sita na ushee kwa picha moja ya kawaida. Na maji yakishatoka, unene unapungua kwa karibu theluthi: kilele cha milimita 9 kinakauka kikiwa na 6 hivi. Kujenga kiini cha picha kwa kadimiamu, rangi kali za metali yenye sumu ambazo ziko kwenye ngazi za juu za bei, ni kuzika fedha mahali ambapo hakuna jicho litakalofika.

Njia ya busara ni kujenga milimita 2 za chini kwa jeli au pasta ya kujengea umbile, kisha milimita 1 ya juu kwa rangi. Ubao uleule sasa unataka mililita 120 za rangi, tyubu mbili. Kati ya jeli za Golden, Extra Heavy Gel ndiyo ya kununua kwa kazi hii: inashika kilele kirefu na haiachi ukungu ikiwa ni ya aina ya Gloss (inayong'aa). High Solid Gel inanywea kidogo kuliko wenzake. Regular Gel ina uzito unaokaribiana na rangi yenyewe, kwa hiyo inaongeza wingi bila kubadilisha mkono. Soft Gel ni nzuri kwa kubandika karatasi. Kwa kisu iache.

Kipimo cha sehemu moja ya rangi kwa moja ya jeli bado kina nguvu. Moja kwa mbili kinafaa kwa rangi kali kama phthalo peke yake. Ukizidisha hapo unapaka kioo chenye rangi, na mwanga unapenya badala ya kugonga uso na kurudi. Jeli mbichi ina sura ya maziwa, inakuwa angavu ikikauka, kwa hiyo unachokiona kwenye paleti ni cheupe kuliko kitakachobaki. Changanya kwa kuzidisha weupe kidogo. Pasta ya kujengea ni habari nyingine: ina vumbi la marumaru, ni nyeupe, na nyekundu ikikutana nayo inageuka waridi. Ibaki chini. Light Molding Paste ni nyepesi sana kwa uzani, inafaa kazi kubwa, ila inanyonya. Ipake jeli nyembamba juu yake kabla ya rangi, la sivyo koti la kwanza litafifia.

Kisu kiwe na shingo iliyopinda ili vidole visiguse picha, na bapa la umbo la almasi la sentimita 4 hadi 6. Libonyeze kwa kidole: lipinde na kurudi. Bapa gumu linakwangua, laini mno halisukumi. Mkono wa pili ushike kitambaa, kwa sababu kisu kinafutwa baada ya kila pigo. Asiyefuta anapata tope pigo la tatu.

Chukua kichwa cha mtu, mwanga ukitokea juu kushoto. Upande wa kivuli uweke kwanza, mwembamba, hata kwa brashi. Kisha mwanga, mnene. Kwenye paji pigo linapita kwa upana likizunguka na mfupa. Kwenye shavu linashuka kwa mshazari kuelekea mdomoni. Pua ni pigo moja kutoka katikati ya nyusi hadi ncha, kisha kisu kinainuliwa kwa ghafla ili rangi iliyosukumwa ibaki pale penye mwanga mkali kuliko pote. Kisu kikifika mwisho wa mwendo kinaacha ukingo ulioinuka. Ukingo huo ndio mstari wa taya, usiuchore tena. Na usichanganye rangi hadi ziive. Beba mbili ubavuni mwa kisu, tuseme njano ya oksidi na nyeupe yenye wekundu kidogo, na pigo moja litatoa joto na mwanga kwa wakati mmoja, michirizi ikionekana. Kuirudia sehemu hiyo kuisafisha ni kuiua.

Rangi nene kwenye mwanga, nyembamba kwenye giza: ndivyo alivyofanya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, kwa nyeupe ya madini ya risasi na mafuta. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba ndani ya rangi yake nene walikuta kampaundi adimu ya risasi iitwayo plumbonacrite, dalili kwamba aliichezea rangi makusudi ili isimame. Sisi kazi hiyo tumefanyiwa kiwandani, na bila risasi. Kadimiamu hata hivyo isipigwe msasa ikiwa kavu.

Muda ndio udhaifu mkubwa. Panapo joto na upepo, utando wa juu unafunga ndani ya dakika 10 hadi 20. Ukipitisha kisu baada ya hapo unararua ngozi na kuacha vipande. Zima feni, nyunyizia mvuke mwembamba wa maji, weka kwenye paleti kidogo kidogo. Kichelewesha ukaukaji kisizidi asilimia 15 ya mchanganyiko, la sivyo uso unabaki unanata. Frank Auerbach, mchoraji wa London aliyefariki 2024, alijulikana kwa kukwangua picha na kuanza upya, mara nyingi, hadi uso ukubali. Kwa rangi za mafuta hilo linawezekana. Kwa akriliki ukikosea una dakika chache tu. Kwa hiyo anayependa kuchanganya rangi juu ya picha yenyewe siku nzima, mafuta bado yanashinda, na tyubu za mililita 200 za Winton, rangi za mafuta za bei ya chini, zinampa wingi kwa bei nafuu. Alipe gharama yake: mafuta yanakauka kwa kuvuta oksijeni, ya juu yanatangulia, tabaka nene linajikunja na ndani linabaki bichi kwa miaka. Na asome nyuma ya tyubu ya nyeupe: ikiandikwa PW4, ni zinki, na zinki kwenye mafuta inakuwa ngumu ya kuvunjika.

Yanayoharibika kwenye akriliki nene yanatabirika. Pasta ikimwagwa zaidi ya nusu sentimita kwa mkupuo na kuwekwa juani, uso unakauka na kukaza wakati chini bado kuna maji, halafu nyufa zinafunguka kama ardhi ya kiangazi. Jenga kwa matabaka, na funika kwa nailoni iliyolegea usiku wa kwanza. Viputo vinatoka kwa kukoroga. Changanya kwa kukanda na bapa, si kwa kuzungusha. Kanvasi inalegea kwa uzito, na pasta ngumu juu ya kitambaa kinachobonyea itapasuka. Plaiwudi ya milimita 9 au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ni salama zaidi. Ipake jeso, koti jeupe la kuandalia uso, mbele na rangi yoyote ya maji nyuma, la sivyo ubao utapinda kuelekea upande mmoja.

Kisha kuna kukauka kwa kweli, ambako si sawa na kukauka kwa kugusa. Tabaka la milimita 6 linachukua miezi. Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ikiwa na unyevu, ongeza subira. Jeli ikibaki na maziwa katikati, maji bado yapo, vanishi isubiri. Na akriliki hulainika kwenye joto: picha mbili zikifungwa uso kwa uso ndani ya buti la gari mchana, zitashikana na mojawapo itachanika. Kati yake weka karatasi yenye silikoni, ile ya kuokea isiyonata. Nailoni ya viputo, ikibidi, viputo vitazame nje. Vikigusa rangi vinaacha mabaka ya duara yasiyotoka.

Njia ya mkato inayojulikana ni rangi ya maji ya ukutani iliyochanganywa na puti na gundi ya mbao. Kwa kuzoeza mkono inafaa kabisa, na hata inashauriwa, kwa sababu mwanafunzi haogopi kuimaliza. Picha ya kuuzwa isijengwe kwayo. Vijazio ni vingi, gundi ya kushikilia rangi ni kidogo. Inanywea, inatoa unga, na rangi zake hazikuandaliwa kukaa miaka ukutani mbele ya dirisha. Daraja la kati lipo: akriliki ya wanafunzi pamoja na Extra Heavy Gel, nusu kwa nusu. Inasimama vizuri, ila imefifia.

Kwa wengi Afrika Mashariki mzigo huu utaagizwa kutoka nje, na VAT peke yake ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, ukiacha usafiri. Kwa hiyo seti za tyubu nyingi ndogo ziache. Nunua nyeupe ya titani kopo la 237, maana ndiyo itakayokwisha kwanza siku zote. Extra Heavy Gel kopo kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Kisha tyubu za oksidi nyekundu, njano ya oksidi (PY42), amba iliyochomwa, kahawia nzito (PBr7) na ultramarini. Rangi za udongo ziko kwenye ngazi ya chini ya bei, na kwa ngozi za watu wetu ndizo zinazofanya kazi kubwa. Kadimiamu moja inaweza kuja baadaye, kwa miguso michache tu. Kopo likifunguliwa, futa mdomo wake kabla ya kufunga: rangi iliyokauka kwenye nyuzi za kifuniko inadondokea ndani, na kila chembe ngumu inayonaswa na kisu inachimba mfereji kwenye pigo zima.