Studio ya sauti Kirumba: wapelekeeni filamu zenu

Kama una filamu fupi na unatafuta mtu wa kuishughulikia sauti hapa Mwanza, nenda Kirumba, upande wa mwaloni. Ni chumba kimoja cha ghorofani, magodoro yamegongelewa ukutani kuzuia kelele, na fundi ni kijana mpole asiyependa kuharakishwa. Nilimpelekea filamu yangu ya dakika 12 inayohusu kina mama wanaoanika dagaa Igombe. Nimelipa shilingi 200,000 na nimeridhika.

Mhariri wa picha alikuwa ameshaijaza sauti za kupakua mtandaoni. Fundi alisikiliza kidogo tu, akasimamisha. Pale furukombe, tai wetu mla samaki, anapopita juu ya maji alfajiri, kulikuwa na ule mlio wa kukwaruza unaosikika kwenye kila sinema yenye jangwa au majabali.

"Dada, huyu ni mwewe wa Marekani, yule mwenye mkia mwekundu. Wenyewe kule Hollywood humwazima sauti yake wakampa tai wao wa kichwa cheupe, maana tai huyo analia kisauti chembamba. Furukombe wetu aazimwe sauti ya nini?"

Kweli kabisa. Aliyekulia ziwani anamjua furukombe hata kabla hajamwona: anatupa kichwa nyuma, anaita, na mwito unavuka maji hadi ng'ambo. Fundi alikwenda kumrekodi mwenyewe upande wa kisiwa cha Saanane. Akarudi pia na mawimbi, kwa kuwa yale ya mtandaoni yalikuwa ya bahari, marefu na mazito, wakati ya kwetu ni mafupi na yanafuatana mbiombio yakipiga mawe. Nilipowaonyesha kina mama wa Igombe, mmoja alimtambua ndege kwa sauti huku ameinamia dagaa zake, bila kutazama skrini. Hapo ndipo nilipojua pesa yangu imefanya kazi.

Si kwamba anazichukia sauti za akiba. Alinisimulia kuhusu ukelele uitwao Wilhelm: ulirekodiwa 1951 kwa ajili ya filamu Distant Drums, mtu akiumwa na mamba kinamasini, kisha fundi wa sauti Ben Burtt akauweka kwenye Star Wars ya 1977, na tangu hapo mafundi wanauchomeka makusudi, wakisalimiana kupitia filamu zao. Hilo nalipenda. Anayepiga ukelele anaweza kuwa mtu wa popote, lakini ndege na maji vina kwao, na mtazamaji wa huko anavijua.

Jambo jingine lililonisaidia sana ni haki. Baadhi ya sauti zangu zilitoka kwenye hazina ya BBC, ambayo mwaka 2018 ilifungua zaidi ya sauti 16,000 kwa umma. Ni bure kwa matumizi binafsi, masomo na utafiti. Ukitaka kuuza kazi yako, unalipia leseni. Filamu yangu naiuza, basi akaziondoa zote na kunipa orodha ya kila sauti iliyobaki na ilikotoka.

Kasoro ni muda. Alitaka kusubiri radi ya kweli, mvua ikagoma, nikamwomba atumie aliyoirekodi masika yaliyopita. Radi hiyo imeshasikika kwenye filamu ya mwenzangu, na sioni ubaya, ni ya hapahapa. Halafu hana jenereta, umeme ukikatika kazi inalala. Mpelekee mapema, na ubebe diski yako mwenyewe.