"Hapo ruka": uzoefu wangu na filamu ya Maurice (1987)

Niliitazama Maurice kwa sababu ya kofia. Mamdogo wangu anayeishi Reading, Uingereza, ana ugonjwa wa filamu za Kiingereza za zamani: majumba makubwa, farasi, chai kwenye nyasi, wanawake wenye kofia pana kama masinia ya biriani. Jumamosi moja mvua ilitufungia ndani, tukaichagua hii kwa kuangalia jalada tu. Hugh Grant alikuwamo, bado kinda. "Huyu namjua, wa vichekesho," akasema mamdogo, akavuta blanketi. Filamu ilipofika mbali kidogo akanigeukia: "Kumbe hawa wawili wanapendana?" Nikadhani ataniambia nizime. Akasema, "Haya, acha iende. Kofia bado hazijaisha."

Naeleza hadithi mpaka mwisho, kwa hiyo anayetaka kuiona ikiwa mpya aishie hapa.

Maurice Hall (James Wilby) ni kijana wa kawaida kabisa, wala si mwerevu sana, anayekwenda kusoma Cambridge karibu na mwaka 1910. Huko anakutana na Clive Durham (Hugh Grant), mtoto wa ukoo wenye ardhi na jumba la mashambani, kwa lugha yetu ningesema mtoto wa mwinyi. Clive ndiye anayeanza. Ndiye aliyesoma vitabu vya Wagiriki, ndiye anayemwambia mwenzake "nakupenda" waziwazi, na Maurice anashtuka na kumkemea kwamba Mwingereza hasemi upuuzi kama huo. Baadaye, usiku, Maurice anaingia chumbani kwa Clive kwa kupitia dirishani kumwambia kwamba naye anampenda. Liwekeni akilini hilo dirisha.

Ila tukio lililonikaa kichwani linatokea kabla ya hapo, na halichukui hata dakika mbili. Wanafunzi wamekaa kwa mwalimu wao wanatafsiri Kigiriki kwa sauti, mmoja mmoja. Kijana mmoja anafika penye habari za mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume, na mwalimu, bila kuinua sauti, anamwambia aruke hapo, ni uovu wa Wagiriki usiotamkika. Kijana anaruka, somo linaendelea kama kawaida. Nilicheka peke yangu, kwa sababu mwalimu wetu wa Biolojia alitufanyia vivyo hivyo kwenye sura ya uzazi: "Hapo mtajisomea wenyewe nyumbani." Tofauti ni kwamba sisi tulikimbilia kuisoma siku hiyohiyo. Waingereza hawa wanaruka maisha yao yote. Maurice anapojikaza kwenda kumweleza daktari wa familia kilichomo moyoni, mzee yule (Denholm Elliott, na anamweza) anakataa hata kusikia na kumwambia avae nguo aende zake. Kwake ni upuuzi mtupu, mazungumzo yameisha.

Wanachokiogopa kilikuwa na kifungu chake cha sheria. Sheria ya Uingereza ya 1885 iliruhusu mwanamume afungwe mpaka miaka 2, pamoja na kazi ngumu, kwa tendo lolote la aina hiyo na mwanamume mwenzake, hata ndani ya nyumba yake na kwa hiari ya wote wawili. Mwandishi Oscar Wilde alifungwa kwa sheria hiyo mwaka 1895, na sehemu kubwa ya kifungo chake aliitumikia hapahapa Reading. Gereza lenyewe limefungwa siku hizi, lakini ukuta wake wa matofali mekundu uko palepale, na mimi hupita karibu nao nikienda mjini kununua unga. Maneno ya sheria ile hayakubaki Uingereza pia. Yalisafiri na ukoloni, na kifungu cha 165 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado kina msamiati uleule. Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019.

Ndani ya filamu sheria hiyo inamwangukia Risley, rafiki yao mwenye maneno mengi, anayetegwa na askari na kupewa miezi 6 ya kazi ngumu. Katika riwaya yake E. M. Forster, ambayo filamu imetolewa humo, jambo hili halimo. Waliliongeza waandishi wa filamu, na naona walifanya vizuri, kwa sababu ndilo linalotueleza kwa nini Clive anageuka. Anaugua, anazimia mezani, anasafiri kwenda Ugiriki, anarudi na kumwambia Maurice kwamba mambo yale yamekwisha na sasa ataoa. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Hawakumjua Clive Durham. Huyu alikimeza kikohozi chake, akafuga masharubu, akaoa, akaingia kwenye siasa. Grant anaigiza haya yote kwa shingo na midomo tu, na kwa mtu aliyezoea kumwona akibabaika kwenye vichekesho ni kitu cha kushangaza. Tamasha la filamu la Venice la 1987 liliwapa yeye na Wilby tuzo ya mwigizaji bora kwa pamoja, na mwongozaji James Ivory akapata tuzo ya Simba wa Fedha.

Nusu ya pili ni ya Alec Scudder (Rupert Graves), kijana anayetunza msitu na ndege wa kuwindwa kwenye shamba la kina Durham. Hapa ndipo mamdogo alipoweka simu chini. Usiku mmoja Alec anaegemeza ngazi kwenye ukuta wa jumba na kuingia kwa Maurice kupitia dirishani. Kijana asiyekuwa na jina wala mali ndiye anayeipanda ngazi. Lakini filamu haituambii kwamba mapenzi yamefuta tabaka. Asubuhi Maurice anakuwa na hofu kwamba mtumishi huyu atamtoza pesa kwa siri yake, na Alec naye ana hasira ya mtu aliyetumiwa halafu asijibiwe barua. Wanakutana jumba la makumbusho la British Museum, wanatishana katikati ya masanamu makubwa ya Ashuru, na mwalimu wa zamani wa Maurice anapopita na kujaribu kukumbuka jina lake, Maurice anamjibu kwamba anaitwa Scudder. Nilirudisha nyuma nikaitazama tena. Mtoto wa muungwana amejipa jina la mtwana, na uso wa Alec unabadilika kabla hajasema neno.

Yasiyonipendeza ni machache. Dakika 140 ni nyingi, na vikao vya Maurice na yule daktari anayelaza watu nusu usingizi ili awaondolee mapenzi (Ben Kingsley) vingeweza kupunguzwa, ingawa ndiye anayempa ushauri wa maana: ahamie Ufaransa au Italia, ambako sheria haimfuati mtu chumbani. Muziki wa Richard Robbins ni mzuri sana, lakini mahali pengine unatuambia tuhuzunike kabla hatujaamua wenyewe. Kuna utupu wa wanaume, kwa hiyo chagua wa kukaa naye sebuleni. Tafuteni toleo lililosafishwa la 2017, maana kazi ya mpigapicha Pierre Lhomme kwenye mwanga wa mishumaa na ukungu ilikuwa inapotea kwenye nakala za zamani.

Kuhusu mwisho tulibishana. Alec alikuwa apande meli kwenda Argentina, hakupanda. Maurice anamkuta kwenye banda la mashua, wanakumbatiana, na Alec anamwambia hawataachana tena. "Sawa," akasema mamdogo, "watakula nini?" Nikamweleza kwamba Forster aliandika riwaya hii mwaka 1913 na 1914, akaifungia, ikachapishwa 1971, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na kwamba alishikilia lazima iishe kwa furaha, hata kama furaha hiyo ndiyo iliyofanya isichapike. Wapenzi kama hawa wangeishia gerezani au kujinyonga, pengine ingepata njia mapema. Mamdogo akaniangalia. "Mwanangu, nimekuuliza watakula nini. Mmoja kaacha kazi ya udalali wa hisa, mwingine kaikimbia meli, na vita vya 1914 viko mlangoni." Sikuwa na jibu. Nadhani naye Forster hakuwa nalo.

Picha za mwisho zimebaki kwa Clive. Ameshaambiwa kila kitu na Maurice, amerudi ndani, anafunga madirisha ya jumba moja baada ya jingine. Mkewe Anne anamuuliza alikuwa akizungumza na nani huko nje. Anamjibu kwamba alikuwa akijaribu hotuba tu. Kisha anasimama mbele ya kioo cha dirisha na kumwona Maurice wa zamani, kijana wa Cambridge, akimpungia mkono aje.

Mamdogo alikuwa akimtazama Anne.

"Na huyu mke," akasema, "alikuwa anajua?"

"Filamu haisemi."

"Basi hapo na wao wameruka."