Kidude cha kuchomea hotdogi, miezi miwili baadaye

Jamani mi hiki kidude nilikinunua kwa tamaa ya macho tu. Ni kama tosta ila kina matundu mawili ya mikate na katikati kakikapu ka soseji mbili, unabonyeza, unaenda zako, kikiruka chakula tayari. Ndo walivyodai. Jina la kampuni silitaji, sitaki maneno na watu.

Shida ya kwanza, mkate na soseji haviivi kwa mwendo mmoja na kidude kina kipima muda kimoja tu. Nikiweka namba 3 mkate unatoka rangi safi kabisa lakini soseji ukiikata katikati bado ina ubaridi wa friji, nikiweka 5 soseji inapata moto ila mkate ushakuwa mkaa. Nimehangaika wee mwisho nikaachana nayo, soseji sasa napika kwenye kikaango. Nachomeka kijiti kirefu katikati alafu nazungusha kisu juu yake kama naichora skrubu, nikitoa kijiti soseji inavutika kama springi, ile mikato yote inapata ukoko na vikorombwezo vinaingia humo humo badala ya kuporomoka ukiuma. Ukitaka kuchemsha pia sawa, ila maji yasitokote kwa fujo, ngozi itapasuka na ladha inabaki kwenye sufuria.

Sasa vikorombwezo, hapa ndo raha ilipo. Vitunguu nakaanga moto mdogo dakika 40 hivi hadi viwe kahawia na utamu wake wenyewe, anayekwambia dakika 10 anakudanganya, hizo ni za kulainika tu. Chumvi siweki kabisa maana soseji yenyewe ina chumvi ya kutosha. Nanasi nalikausha maji kwanza kwa kitambaa alafu kikaango kikavu, na pilipili kidogo juu. Asali nachanganya na mastadi nusu kwa nusu. Kitu kimoja nimegundua, utamu peke yake juu ya soseji unakinai mapema sana, lazima pawe na kitu kichachu, mastadi au matango ya siki. Chicago wao tomato sosi hawataki hata kuiona kwenye hotdogi, wanaweka mastadi ya njano, kitunguu, nyanya, pilipili, tango la siki, chumvi ya seleri na ile achari tamu ya kijani, na mi nilikuwa naona ni ubishi tu kumbe achari ile ishabeba utamu, ukiongeza sosi unazidisha. Ila mi sosi yangu bado naweka kidogo, mnisamehe.

Na mkate upake siagi ndani kabla ya yote, bila hivyo maji ya nanasi yanaulowesha unakatikia mkononi.

Haya, kosa langu. Wiki ya pili nikajifanya mjanja, nikaipaka soseji asali kabisa ndo nikaiweka kwenye kakikapu, eti ikiruka itoke inang'aa. Asali si ikadondokea nyaya za moto! Moshi ulijaa jikoni mpaka mdogo wangu akaja kuuliza kwani leo tunakula moshi. Vitu vya sukari vinaungua haraka, vinawekwa mwishoni soseji ikishaiva, hilo kosa la kwangu nalikubali, lakini na karatasi ya maelekezo haikusema neno lolote kuhusu kupaka kitu.

Nakipa nyota 2 na nusu, zote za mkate, maana mkate kinauchoma vizuri sana ndani laini nje unakwaruza. Kama nyumbani una kikaango, hela yako nunulia soseji nzuri.

Ila mlionacho naomba mniambie, kile kisahani cha makombo chenu kinatoka chote? Changu kinaishia nusu kinakwama, na ile asali bado imo mle ndani, kila nikiwasha nyumba nzima inanukia karameli.