Kiwanja cha benki ya ardhi Michigan: karatasi safi, ila nyasi jamani!

Wacha niwape ripoti ya hii benki ya ardhi ya serikali niliyonunua kwao kiwanja kilichopakana na nyumba yangu huku Michigan, jina sitaji. Kwanza sio benki ya kuweka hela 😂 Kazi yao ni kupokea nyumba na viwanja vilivyotelekezwa, mwenye mali asipolipa kodi ya jengo kama miaka 3 hivi kaunti inamnyang'anya, inapiga mnada, kisichopata mteja ndo mara nyingi kinaishia kwao, na vingine watu wanawapa bure tu.

Makaratasi nawapa 5 kwa 5. Mali za hivi huwa zinakuja na madeni na warithi wa kuibuka, hawa wanafungua kesi moja mahakamani inasafisha hati za viwanja kibao kwa mpigo, yangu haina mkia wowote.

Sasa matunzo, 2 kwa 5 na hapo nimewaonea huruma. Kabla sijanunua nyasi zilinifika kiunoni, mkandarasi kaja kafyeka mbele tu paonekane pasafi barabarani, nyuma kaacha matairi na godoro bovu, na nyumba ya pili yake (yao pia) mbao walizozibia madirisha ziling'olewa wiki hiyohiyo. Nikapiga simu, dada wa ofisini mstaarabu kweli, ananiambia bajeti ya kufyeka haitoshi. Sawa naelewa, mali ikiwa kwao haiingizi kodi, wanategemea mauzo na ruzuku, ila godoro nalo bajeti? Nimelibeba mwenyewe.