Mshauri wa kodi wa watu wa mitandaoni: nimelipia kuambiwa hapana

Kama unatafuta mtu wa kukushushia kodi hadi sifuri, huyu siye. Ninatengeneza video za vipodozi, na mwaka huu niliachana na programu ya kupanga matumizi niliyokuwa nikiilipia kila mwezi, nikamkabidhi hesabu zangu mshauri anayehudumia waunda maudhui peke yao. Jina lake na la programu nayaweka kando. Ninachopima ni kazi yenyewe.

Programu ilikuwa na raha yake, siwezi kukataa. Unaiunganisha na akaunti ya benki, kila muamala unapewa rangi, na chini kuna tarakimu kubwa ya kijani inayokupongeza kwa kodi uliyookoa. Rangi ya mdomo: gharama ya biashara, yaani ya kupunguzwa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi. Sabuni ya kufulia kutoka duka hilohilo: gharama ya biashara. Viatu vya mdogo wangu navyo vikapita. Haikuwahi kuniuliza chochote, na hapo ndipo ubovu wake ulipo, maana mkaguzi wa mamlaka ya mapato yeye atauliza.

Mshauri nilimpelekea orodha nzima bila kuichuja, makusudi, nione atafanyaje. Swali lake la kwanza wala halikuhusu nilichotumia. Lilihusu nilichopewa bure. Yale maboksi ambayo kampuni hututumia tuyafungue mbele ya kamera, yako wapi kwenye hesabu? Kitu unachopewa ili ukitangaze ni mapato kwa thamani yake ya sokoni, hata kama hujashika senti. Ndivyo kinavyotazamwa katika nchi nyingi, na India imeliweka wazi kabisa: kwa utaratibu ulioanza Julai 2022, bidhaa atakayobaki nayo mtangazaji wa mitandaoni huhesabiwa kuwa manufaa, na ikivuka kiwango fulani inakatwa kodi; akiirudisha kwa kampuni, haihesabiwi. Akanifungulisha daftari la maboksi: tarehe, nani katuma, thamani yake, kimeishia wapi. Daftari hilo lina faida ya upande wa pili pia. Vipodozi nilivyokwisha kuvihesabu kama mapato, kisha nikavitoa zawadi kwenye shindano la wafuasi, vinaweza kudaiwa kama gharama za matangazo. Programu ingelijulia wapi hilo, na boksi halipiti benki?

Kwenye nguo tulivutana kweli. Mimi nasema gauni hili nimelinunua kwa ajili ya video. Yeye anasema hapana. Akanitajia Ann Mallalieu, wakili wa Uingereza aliyedai gharama za nguo nyeusi alizovaa mahakamani. Mwaka 1983 jopo la juu kabisa la majaji wa huko lilimkatalia, kwa hoja kwamba pamoja na kazi, nguo zile zilikuwa zikimsitiri na kumpa joto kama binadamu mwingine yeyote. Marekani nako, mwaka 1980, mahakama ya rufaa ilimkatalia meneja wa duka la Yves Saint Laurent aliyelazimika kuvaa mavazi ya duka hilo kazini, na ambaye nje ya kazi hakuyavaa kabisa. Kama hao wameshindwa, gauni langu la maua litapona wapi? Kipimo cha mshauri ni chepesi: nguo unayoweza kutoka nayo nje na watu wasigeuke, ni yako, ilipie mwenyewe. Wigi la buluu na vazi la katuni nililoigizia vilipita bila maneno. Vipodozi akavigawa: vile nilivyovinunua kuvilinganisha kwenye video, ndani; poda ninayojipaka kila asubuhi, nje.

Mhariri wa video, asilimia ya wakala, ada za programu za kuhariri, hivyo havina ubishi. Bando na simu vinadaiwa kwa sehemu ya kazi tu, na sehemu hiyo uweze kuionyesha. Alinitaka niandike matumizi yangu kwa wiki kadhaa, zoezi linalochosha. Chumba cha kurekodia vivyo hivyo, ukubwa wake ukilinganishwa na nyumba nzima. Kamera inategemea nchi: kwingine unadai bei yake yote mwaka ulioinunua, kwingine unaigawa kwa miaka kadri inavyochakaa.

Kuna jambo moja ambalo peke yake lingetosha kunifanya nimlipe. Kampuni nyingine hukata kodi ya zuio kabla ya kukulipa, na wengi wetu huandika kwenye ritani, ile taarifa ya mapato unayoipelekea mamlaka ya kodi, kile kilichoingia benki. Unatakiwa kuandika malipo kamili, kabla ya makato, kisha uambatishe cheti cha kodi iliyokatwa na kuidai. Gharama hupunguza mapato yanayotozwa. Kodi ya zuio hupunguza kodi yenyewe. Hivyo ni vitu viwili, na tofauti yake mfukoni ni kubwa. Ndiyo maana pia nilipomuuliza kama ninunue kamera mpya kabla mwaka haujaisha ili kodi ipungue, alinijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa: "Kodi ikiwa asilimia 30, ukitumia 100 umeokoa 30. Zile 70 je?"

Sasa lawama. Jedwali lake ni baya kulitazama, na kila risiti inataka maelezo ya mkono wangu: ni ya video gani, imelipwa vipi, kwa nini. Risiti za karatasi laini anataka zipigwe picha siku hiyohiyo kwa sababu maandishi yake hufifia, sawa, lakini picha ikiwa na kivuli anairudisha. Karibu na siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani hapatikani kwa urahisi. Na maswali yaliyo nje ya kifurushi hutozwa kando, jambo lililoandikwa kwa herufi ndogo mno kwenye mkataba.

Kwa anayeanza, ambaye maboksi hayajaanza kuja na malipo ni ya kubahatisha, asiharakishe. Daftari lake mwenyewe litamtosha, na nchi nyingi haziruhusu udai hasara ya kitu unachokifanya kwa kujifurahisha. Lakini ukishakuwa na mikataba, wakala na kabati la vitu vya bure, lipa. Nyota nne kati ya tano. Ya tano ataipata siku atakapoacha kunijibu kwa ujumbe wa sauti wenye urefu wa hotuba.